Wanacheza Mbele ya Altare, Lakini Hawaalikwi Mezani



Nani kati yetu asiyeijua saa ile? Padri ameanzisha Utukufu, ngoma zimeitika, na watoto waliovaa vikwembe vya rangi moja wanatoka safu kwa safu, wakicheza kuizunguka altare. Misale ya Kirumi kwa Majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988, iliupa uchezaji huo mahali pake halali, nasi tunajivunia. Wakati wa matoleo watoto hao hao hurudi wakibeba ndizi, maharage na viazi. Halafu inafika Komunyo. Wakubwa tunapanga mstari. Watoto waliotuchezea na kutubebea vipaji wanabaki kwenye benchi lao, wakitazama migongo yetu.

Wengine wao ni wachanga mno, na ni haki wangoje. Lakini tukiwatazama mmoja mmoja tutawakuta wenye miaka 9, wenye 11, hata wenye 13, ambao wanasali vizuri, wanamjua Yule aliye katika Hostia, na wameomba mara nyingi kumpokea. Tukiuliza kwa nini wameketi, majibu ni yale yale: hakumaliza katekisimu, hana cheti cha ubatizo, wazazi hawajatoa mchango, hana nguo nyeupe.

Tunataka kusema jambo moja tu katika tafakari hii. Katika nchi yenye amani, kumchelewesha mtoto mwaka mmoja kunaweza kuitwa uangalifu. Huku kwetu Masisi na Walikale, ambako mwaka mmoja huweza kumaanisha kukimbia mara tatu, kumchelewesha mtoto aliye tayari ni kumnyima. Kanisa halikututaka tufanye hivyo. Sheria yake iko upande wa mtoto.

Tuanze na mfano tunaoujua kwa karibu. Katika shirika letu tulimpokea msichana wa miaka 12 aliyetoka katika vilima vya Masisi. Alianza katekisimu akiwa na miaka 9, katika kanisa dogo la kijiji ambako padri hufika mara chache na mzigo wote hubebwa na katekista. Vita vikaja, familia ikashuka hadi kwenye mahema ya wakimbizi karibu na Goma, yaliyosimama juu ya mawe ya volkeno. Huko akaandikwa upya katika mwaka wa kwanza, kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuonyesha alikofika. Mwezi wa Februari 2025 kambi hizo zikavunjwa, na maelfu ya familia wakabeba tena magodoro yao. Alipofika kwetu tukamwuliza cheti cha ubatizo. Hakuwa nacho. Tukamwandika mwaka wa kwanza kwa mara ya tatu.

Hatusemi haya ili kumshtaki katekista yeyote. Sisi wenyewe tulikuwa pale tulipomwuliza, na tulidhani tunafanya vema. Msichana yule hakulalamika. Aliketi na watoto wa miaka 8, akajibu maswali yote ambayo mwalimu aliwauliza wao, na baada ya Dominika nne hakurudi tena. Ndipo tulipoanza kujiuliza kama tulikuwa tunalinda Sakramenti, au daftari letu.

Basi Kanisa linasema nini? Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwataka waamini wote waliofikia umri wa kupambanua waungame na kupokea Ekaristi walau mara moja kwa mwaka. Karne zilipopita, sehemu nyingi zikaanza kuusogeza umri huo mbele: miaka 10, 12, 14, na hata zaidi. Tarehe 8 Agosti 1910 Papa Pio wa 10 alitoa amri iitwayo Quam singulari, akaukemea mtindo huo waziwazi. Alifundisha kwamba umri wa kupambanua huanza karibu na mwaka wa saba, na kwamba mtoto hahitaji kujua mafundisho yote kabla ya kukaribia. Inatosha azifahamu kwa kadiri ya akili yake siri za imani zilizo za lazima, na aweze kutofautisha Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Mengine atayajifunza polepole, akiwa tayari anakula.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimefuata njia hiyo hiyo. Kanuni ya 913 inadai maarifa ya kutosha na matayarisho mazuri, lakini kwa kadiri ya uwezo wa mtoto mwenyewe. Kanuni ya 914 inawapa wazazi na paroko wajibu wa kuhakikisha kwamba watoto waliofikia matumizi ya akili wanatayarishwa, wanaungama, na wanalishwa chakula hiki cha kimungu mapema iwezekanavyo. Tulitafakari neno hilo, mapema. Sheria haikusema baada ya miaka mitatu ya darasa mfululizo. Na ni kweli kwamba kanuni hiyo hiyo inamwachia paroko jukumu la kuangalia asikaribie mtoto asiye tayari. Hatutaki kumnyang'anya jukumu hilo. Tunaomba tu kwamba utayari upimwe kwa mtoto mwenyewe, kwa sala yake na majibu yake, badala ya kupimwa kwa idadi ya majani yaliyojazwa katika kitabu cha mahudhurio.

Kuna pia fungu la pili la kanuni ya 913, ambalo wachache husoma. Linahusu mtoto aliye katika hatari ya kufa. Yeye anaweza kupewa Ekaristi ikiwa anajua kuutofautisha Mwili wa Kristu na chakula cha kawaida, na kupokea kwa heshima. Hatudai kwamba kila mtoto wa Masisi yuko kitandani akikata roho. Lakini Machi 2025 vita vilifika mpaka Walikale-Centre, katika wilaya ambayo wengi wetu tuliifikiria kuwa ya mbali, ya misitu na mito. Mtoto anayelala akisikiliza mizinga anaujua udhaifu wa maisha kuliko mtoto mwingine yeyote. Sheria inayolegeza masharti kwa ajili ya mtoto aliye hatarini inatufundisha moyo wa Mama Kanisa: hatari inapokaribia, mama hufungua mlango kwa upana zaidi.

Kuhusu cheti cha ubatizo, wapo wanaoamini kwamba bila karatasi hakuna ubatizo. Si hivyo. Kanuni ya 876 inasema kwamba, pale ambapo hakuna mtu anayedhurika, ushuhuda wa mtu mmoja tu asiye na shaka unatosha kuthibitisha ubatizo. Mtu mmoja! Bibi aliyekuwepo siku ile, baba wa ubatizo, jirani aliyepiga makofi mlangoni pa kanisa. Vitabu vya parokia vinaweza kuungua au kuachwa nyuma watu wakikimbia, lakini bibi yuko pale katika hema la pili, na anakumbuka hata mvua iliyonyesha siku hiyo. Kwa nini tumtume mtoto kutafuta karatasi nyuma ya mstari wa mapigano, wakati Kanisa limeridhika na kinywa cha bibi yake?

Wazee wetu katika imani waliyajua haya. Kikundi cha watoto katika parokia zetu kinaitwa Kizito-Anuarite. Je, tunakumbuka Kizito alibatizwa namna gani? Wamisionari wa Afrika walikuwa na desturi ya ukatekumeni wa miaka minne, iliyowekwa na Kardinali Lavigerie, na ilikuwa desturi yenye hekima. Lakini mwishoni mwa Mei 1886, katika ikulu ya Kabaka Mwanga kule Buganda, hasira ya mfalme ilipowaka, Karoli Lwanga hakuhesabu miezi. Alikuwa mlei kama sisi, kiongozi wa vijana. Usiku ule aliwabatiza kwa mkono wake wale waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 aliwatangaza watakatifu. Tunawavalisha watoto wetu skafu zenye jina la Kizito. Itakuwa ajabu tukiwawekea vizuizi ambavyo Karoli Lwanga aliviondoa kwa usiku mmoja.

Tunajua yatakayosemwa. Pingamizi la kwanza ni hili: watoto hawaelewi. Tunauliza kwa upole: na sisi tunaelewa? Nani kati yetu anaweza kueleza, mbele ya shirika lake, namna mkate unavyogeuka kuwa Mwili wa Bwana? Tunaamini, tunaabudu, tunakula. Makanisa Katoliki ya Mashariki, yaliyo katika umoja kamili na Papa, huwapa Ekaristi hata watoto wachanga waliobatizwa, na Roma yenyewe ilifanya hivyo kwa karne nyingi. Sisi wa mapokeo ya Kilatini tunangoja umri wa kupambanua, na tunaiheshimu sheria yetu. Lakini ushuhuda wa ndugu zetu unatukumbusha kwamba Meza hii ni zawadi kabla ya kuwa mtihani. Tena, katika kitabu cha Kutoka, karamu ya Pasaka imepangwa hivi kwamba mtoto akiwa mezani aulize maana ya ibada ile, naye mzazi amjibu. Swali la mtoto linazaliwa mezani. Tukimfukuza mpaka ajue jibu, tumeugeuza mpango wa Mungu juu chini.

Pingamizi la pili halisemwi kwa sauti, lakini lina nguvu kuliko la kwanza. Ni mchango, nguo nyeupe, viatu, na karamu ya nyumbani. Sikukuu ya Komunyo ya kwanza imekuwa siku ambayo mama asiye na kitu huogopa. Mama mmoja alituambia alimficha mtoto wake nyumbani siku ile, akamsingizia homa, kwa sababu angekuwa peke yake bila gauni. Hapa wengi hukimbilia onyo la Mtume Paulo kwa Wakorintho, juu ya wale wanaokula bila kuupambanua Mwili. Onyo hilo husomwa ili kuwatisha watoto. Lakini tusome sura ile ya kumi na moja tangu katikati yake. Paulo hakuwa akiwakemea watoto wasiojua katekisimu. Aliwakemea watu wazima wenye mali, waliofika kwenye karamu ya Bwana wakashiba na kulewa, huku wakiwaaibisha ndugu wasio na kitu. Basi nani katika parokia zetu asiyeupambanua Mwili wa Bwana: mtoto asiye na viatu, au sisi tuliomfanya aone haya?

Pingamizi la tatu linahusu watoto waliopita katika makundi yenye silaha. Sote tunajua kwamba katika wilaya zetu mbili wapo wavulana na wasichana waliochukuliwa porini, wakabebeshwa mizigo, wakapewa bunduki, au wakatendewa mabaya ambayo hatutayataja hapa. Wanaporudi, tunawaonea hofu. Mtoto wa namna hiyo akiingia kanisani, benchi huachwa wazi pande zote mbili. Tukumbuke kwamba tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani kule Ituri watoto wasiofikia miaka 15. Aliyehukumiwa ni mkubwa. Mtoto alitambuliwa kuwa ndiye aliyedhulumiwa. Ikiwa mahakama ya dunia imeliona hilo, je, Kanisa lenye Sakramenti ya Kitubio litaona pungufu? Mtoto huyo anahitaji padri mvumilivu, anahitaji muda, na zaidi ya yote anahitaji mtu wa kuketi karibu naye kwenye benchi. Huyo mtu ni wewe, kijana.

Tena kuna jambo ambalo halisemwi sana. Huku kwetu mtoto hujifunza mapema mno majina ya kudharau makabila mengine. Kabla hajajua kusoma amekwisha kuambiwa nani ni adui. Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Watembo, Wakano, Wakumu: kila mmoja ana kidonda chake, na kila mzazi ana hadithi yake ya kumsimulia mwanawe usiku. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyepiga magoti tangu miaka 7 au 8 kando ya mtoto wa kabila lingine, wakapokea kutoka mkono mmoja Mwili mmoja, amepata ushuhuda unaopingana na hadithi zile za usiku. Hatusemi kwamba Komunyo peke yake itazima vita; sisi watu wazima tumekomunika miaka mingi na bado tumechukiana. Lakini tukimngojesha mpaka miaka 14, chuki itakuwa imemfundisha kwanza.

Na tusidhani kwamba jambo hili ni la Hostia tu. Mtoto anashirikishwa katika Misa nzima, au hashirikishwi kabisa. Tarehe 1 Novemba 1973 Roma ilitoa mwongozo kwa ajili ya Misa pamoja na watoto. Unaruhusu mambo mengi ambayo hatuyatumii: watoto wasome, waimbe, waandae altare, na katika Misa ya watoto, paroko akikubali, mtu mzima mwingine anaweza kusema nao baada ya Injili ikiwa padri anaona vigumu kuzungumza kwa lugha yao. Mwaka uliofuata zilitolewa sala tatu za Ekaristi kwa ajili ya Misa za watoto. Mali hiyo yote ni yetu. Lakini katika makanisa mengi tumewapa watoto kazi mbili tu, kucheza na kunyamaza.

Yezu alipowaona wanafunzi wakiwazuia watoto alikasirika. Injili ya Marko haifichi neno hilo. Na siku ya mikate, Mwinjili Yohane anatuambia kwamba mikate mitano ya shayiri na samaki wawili vilikuwa vya mtoto. Umati wote ulikula kwa chakula cha mtoto. Ingekuwaje kama baada ya miujiza ile mitume wangemwambia mvulana yule aketi pembeni mpaka amalize mwaka wa tatu?

Sasa, ndugu vijana, tufanye nini? Maamuzi ya Sakramenti ni ya paroko na ya askofu wa jimbo, nasi tunayaheshimu. Lakini yapo mengi yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, kila mtoto wa katekisimu apewe karatasi ndogo yenye jina lake, jina la parokia, tarehe ya ubatizo na hatua aliyofika, ikiwa na sahihi ya katekista. Mama ataishona ndani ya nguo kama anavyoshona pesa. Atakapokimbia, hatua zake zitakimbia pamoja naye. Nasi wenye simu, kwa ruhusa ya paroko, tusaidie kupiga picha za vitabu vya wabatizwa kabla havijapotea.

Pili, mtoto mgeni akifika bila cheti, tusimrudishe. Tumtafute shahidi katika familia yake, tumsindikize kwa paroko, tueleze habari zake. Mara nyingi padri hakatai, hajaambiwa tu.

Tatu, tuzichange kanzu nyeupe rahisi, ziwe mali ya parokia, zifuliwe na kuvaliwa na watoto wote kila mwaka, wa tajiri na wa mkimbizi. Tuombe halmashauri ya parokia isimdai mchango mtoto yeyote aliyekimbia vita.

Nne, tupeleke katekisimu kwenye shirika, chini ya mti, kwenye veranda, jioni, ili kufungwa kwa barabara kusiwe kufungwa kwa imani.

Tano, tuketi na watoto wakati wa Misa. Kijana mmoja, watoto watano. Awaeleze kwa sauti ndogo kinachotendeka pale mbele.

Tunaye wa kumfuata. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma, Kanisa lilimtangaza mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, kwa sababu alikataa hongo ili chakula kilichooza kisiwafikie watu. Wengi wanalijua hilo. Tukumbuke pia kwamba kabla ya hapo, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, aliwafuata watoto wa mitaani wa Goma na kuwahudumia katika Shule ya Amani. Aliyewalinda watu wasile sumu alikuwa amekwisha kujifunza kuwaona watoto ambao wengine waliwapita.

Msichana yule wa Masisi tulimtafuta. Tulimkuta kwa shangazi yake, akiuza mkaa. Bibi yake alikuja kwa paroko kutoa ushuhuda wa ubatizo, na paroko alizungumza na msichana kwa muda mfupi, peke yao. Alipotoka alisema maneno machache tu: alikuwa tayari zamani. Kati ya zamani hiyo na siku ile kuna miaka mitatu ya njaa, na sisi tulichangia mmoja wapo. Bwana atusamehe, na atupe macho ya kuwaona walio kwenye benchi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika parokia yetu, ni watoto gani wenye umri wa kupokea Komunyo ambao bado wameketi? Tuwataje kwa majina, kisha tujue sababu ya kila mmoja.

2. Ni sharti gani tulilowawekea watoto ambalo Kanisa halikuliweka?

3. Dominika ijayo, nani kati yetu ataketi na nani?